Kikao Ndani ya Bajaji

Bajaji ilikuwa imeegeshwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, Barabara ya 14 Ngamiani, Tanga. Turubai la upande mmoja limeshushwa kama vile mvua inanyesha, na siku ile jua lilikuwa linawaka. Kwenye kiti cha nyuma amekaa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Hedifoni ziko ndani ya ushungi, simu ameisimamisha kwenye mgongo wa kiti cha dereva, magoti ameyakusanya kwa sababu mle ndani hapana nafasi ya kuyanyoosha.

Nilikuwa nimemletea mtoto uji. Nikasimama mbali kidogo, karibu na kamba ya nguo, maana nilijua anafanya nini. Alikuwa kwenye kikao na mwanasaikolojia wake aliyeko Dar es Salaam.

Dereva akatokea na ufunguo mkononi. Ni kijana mwenye adabu. Alikohoa kwanza, akagonga bomba la bajaji kwa kidole. "Dada, unisamehe sana. Kuna abiria wangu wa Raskazone, ananipigia."

Mdogo wangu akafuta uso kwa ncha ya ushungi. Nikamsikia anaiambia simu, "Basi tuishie hapa." Akashuka, akatafuta ndala zake kwa miguu, bajaji ikaondoka. Kikao kilikuwa cha dakika 50. Alikuwa ametumia 28.

Akanitazama, akasema: "Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kusema."

Zimepita wiki 11, na maneno hayo hayajaniacha.

Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Amesoma rasimu, akafuta mahali pawili.

Nilivyomjibu

Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo alikuja kwangu Chumbageni. Tulikuwa tunachambua mchele, mtoto wake wa miezi mitano amelala mkekani. Akauliza bila kuniangalia:

"Dada, ile tiba yako ya kwenye simu, mimi itanifaa?"

Nikamjibu, "Itakufaa, kwa nini isikufae? Mbona mimi imenifaa."

Sikuinua hata macho kwenye ungo. Usiku ule ule nikamtumia namba ya mwanasaikolojia wangu.

Nilimjibu kama mtu anayeulizwa habari za fundi cherehani. Fundi kanishonea gauni limenikaa, basi na wewe nenda, atakushonea. Lakini hata fundi huanza kwa kuchukua vipimo. Mimi sikumpima mwenzangu chochote. Sikumuuliza anaumwa nini, tangu lini, analala chumba gani, simu yake huwa mikononi mwa nani, mchana pale nyumbani wamo watu wangapi. Na kuna kitu aliniambia siku ile, nikakisikia kwa masikio tu. Alisema, "Natamani nilale tu, dada." Nikamwambia mtoto akitimiza miezi sita usingizi utarudi.

Ugonjwa wangu ulikuwa barabarani

Miaka miwili iliyopita nilikuwa ndani ya basi lililopinduka karibu na Segera. Nilitoka na nyuzi saba kwenye kiwiko, nikamshukuru Mungu. Miezi miwili baadaye, stendi ya Kange, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya basi, moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakataa kushuka. Nikarudi nyumbani. Baada ya hapo hata daladala ya Pongwe ikanishinda. Harusi ya Muheza nikasema nina homa, msiba wa Korogwe nikatuma rambirambi. Watu wakaanza kusema nimekuwa na maringo.

Wataalamu wa saikolojia niliokuwa nimewasikia wote walikuwa Dar. Sasa mtu anayeogopa basi utamwambiaje apande basi saa sita nzima akatibiwe hofu ya basi? Simu ndiyo iliyobaki.

Naishi peke yangu, chumba na sebule, na mlango naufunga kwa ufunguo wangu. Kila Alhamisi saa mbili usiku nilikuwa naegemeza simu kwenye kopo la maziwa, nawasha feni, tunaanza. Mwanasaikolojia huyo alinipitisha kwenye tiba ya fikra na tabia, ile ambayo daktari wa Kimarekani Aaron Beck aliianzisha miaka ya 1960. Unalikamata wazo linalokuja kabla ya hofu, unalidai ushahidi, kisha unalisogelea lile unaloliogopa kidogo kidogo badala ya kulikimbia. Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa kwenda Kange na kukaa kwenye benchi nusu saa, nikiangalia mabasi, nisipande kitu. Wiki iliyofuata nikapanda basi lililosimama, nikashuka kabla halijaondoka. Konda mmoja alishanizoea, akawa hanisumbui.

Wiki ya saba nikapanda kwenda Muheza, naye akiwa sikioni mwangu.

"Umekaa upande gani?"

"Dirishani."

"Niambie unachokiona."

Nikamwambia naona mkonge. Mkonge kwa mistari, mkonge tena, kibanda cha machungwa, baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa na mwenyewe anaisukuma. Tulipopita Pongwe mtandao ukakatika. Nikabaki na hedifoni zilizo kimya na ganzi imeanza kupanda kwenye vidole. Nikaendelea kutaja nilichokiona kwa sauti ndogo. Mama aliyekaa pembeni yangu nadhani alifikiri navuta uradi, maana aliuondoa mkoba wake katikati yetu, akanipa nafasi. Mtandao uliporudi nilikuwa nimeshashuka, nimesimama Muheza, jasho limenitota mgongo mzima.

Ningekuwa naonana naye ofisini angenisikiliza vizuri sana, lakini asingekuwa ndani ya basi lile. Kwa hofu ya aina yangu, simu iliishinda ofisi.

Na nilikuwa nimesoma. Watafiti wamewalinganisha mara nyingi wanaotibiwa kwa video na wanaotibiwa ana kwa ana, na kwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi wa kiwango cha chini au cha kati, matokeo yanakaribiana. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu nilipokuwa nachambua mchele.

Maneno niliyoyaruka ni hayo: cha chini au cha kati.

Chumba kiko wapi?

Unazijua nyumba za Ngamiani. Kuta za vyumba zinaishia juu kidogo ya mlango. Kutoka hapo hadi kwenye bati ni hewa, na hewa hiyo ni ya wote. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha nne anamwambia pole. Nimelelewa kwenye nyumba kama hiyo na sijapata kujiona mpweke humo hata siku moja. Ila haina mahali pa kusemea neno ambalo hutaki lisikiwe.

Mdogo wangu anaishi ukweni. Yuko mama mkwe, mawifi wawili, shemeji, mpangaji mmoja. Kikao cha kwanza alikifanyia kitandani kwa kunong'ona, mtoto yuko ziwani. Mwanasaikolojia akamwomba mara tatu aongeze sauti. Mtu anajaribu kusema kitu ambacho hajawahi kukitamka maishani, anaambiwa, "Sikusikii vizuri, rudia."

Cha pili alikwenda kukifanyia ufukweni Raskazone. Upepo ukala maneno, kisha wakaja vijana wawili wakakaa jirani. Cha tatu ndicho hicho cha bajaji.

Ushauri unaotolewa kwa watu wanaotaka tiba ya mtandaoni huanza na sentensi moja: tafuta mahali patulivu, penye faragha. Inaandikwa kama jambo dogo, kama kusema hakikisha simu ina chaji. Kwa watu wengi ninaowajua mimi hapa Tanga, hilo ndilo jambo gumu kuliko yote, linazidi bei na linazidi bando.

Mwanasaikolojia akampa njia nyingine, wawe wanaandikiana. Wapo watu wanaofunguka zaidi kwa kuandika kuliko kwa kusema, na hilo silibishi. Lakini simu ya mdogo wangu, mume wake akiwa nyumbani, jioni huwa mikononi mwa mume. Laini imesajiliwa kwa jina lake mume. Hakuna ubaya ndani yake, ndivyo walivyoanza maisha. Siku moja ukaingia ujumbe wa malipo, akausoma. "Hii 40,000 ya nani?" Akamjibu ni ya kikoba.

Aliponisimulia hilo niliumia. Alikuwa anatafuta mahali pa kusema kweli, na nauli ya kufika hapo ikawa uongo.

Simtoshi

Kwenye kikao cha kwanza kabisa mwanasaikolojia alikuwa amemuuliza maswali ambayo yeye aliyaona kama ya mjumbe wa mtaa. Unakaa mtaa gani, nyumba ya nani? Hospitali ya karibu ni ipi? Ukizidiwa nimpigie nani? Akatoa namba yangu. Na mimi nilishaulizwa hayo hayo zamani, nikayajibu harakaharaka ili tuingie kwenye yaliyonileta.

Jumanne baada ya ile siku ya bajaji, saa tatu usiku, simu yangu ikaita.

"Dada, samahani kwa usiku huu. Mdogo wako ameniruhusu nikupigie. Nimemuuliza leo kama huwa anawaza kujidhuru, ameniambia ndiyo. Naomba asilale peke yake, na kesho asubuhi umpeleke hospitali. Msingoje keshokutwa."

Nikasema kama mtu aliyechanganyikiwa: "Kwani si unaendelea naye wewe?"

"Nitakuwepo. Lakini kwa sasa simtoshi."

Simtoshi.

Mtandaoni kuna matangazo mengi yanayoahidi kukuondolea msongo kwa wiki mbili, na sijaona hata moja lenye neno hilo. Mtaalamu anayejua uwezo wake unaishia wapi, na aliyejipanga kwa siku hiyo tangu siku ya kwanza, huyo ndiye niliyepaswa kumtafutia mdogo wangu kwa makusudi. Nilimpata kwa bahati.

Akaniuliza kama amekonda. Yeye kwenye video alikuwa anaona uso peke yake, na uso wenyewe umo ndani ya ushungi. Sikuwa na jibu, mimi niliyekuwa nikionana naye kila wiki. Usiku ule nikaenda kulala kwao. Mdogo wangu alipovua dera kwenda kuoga nikaiona mifupa ya mabega, na shimo juu ya mtulinga linaloweza kushika maji. Dera linasitiri mengi.

Tulilala kitanda kimoja, kama tulipokuwa wadogo. Nikamuuliza kwa maneno yale yale, waziwazi, kwa kuwa niliambiwa kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo kichwani. Akakaa kimya muda mrefu. Akasema si kwamba anataka kufa, anataka kusiwe na kesho. Akasema kuna siku alitaka kumwambia muuguzi wa kliniki, akaogopa, kwa sababu alishasikia kuwa kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Ni kweli, Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio kuwa kosa, na mimi naamini kifungu hicho kinawafunga midomo wale wale ambao tungependa waseme. Lakini kuwaza, na kumwambia muuguzi kwamba unawaza, si kosa. Natamani hilo liandikwe kwenye ukuta wa kila kliniki ya mama na mtoto, kwa herufi kubwa.

Bombo

Mama mdogo alipopata habari alilia. "Mnataka kumpeleka Lutindi?" Hospitali ile ya wagonjwa wa akili iko huko kwenye milima ya Usambara tangu enzi za Mjerumani, imewatibu watu wengi, na sisi huku chini tumelitumia jina lake kutishana tu.

Tulikwenda Bombo, hospitali ya hapa Tanga. Tukakaa kwenye foleni kama watu wa malaria na watu wa meno, mtoto mgongoni kwangu.

Muuguzi wa afya ya akili alimuuliza maswali 10 kutoka kwenye karatasi, taratibu, kama mtu asiye na foleni nje. Dodoso hilo lilitungwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya mama waliojifungua, na swali la mwisho ndilo lile la kujidhuru. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Niliposoma hivyo niliifikiria foleni ya kliniki ya watoto. Mtoto anawekwa kwenye mzani kila mwezi, kadi inajazwa, mstari unapanda. Mama anafunga kanga yake, anarudi nyumbani.

Damu ikapimwa. Alikuwa na upungufu mkubwa wa damu, na huo peke yake unatosha kumchosha mtu hadi aone dunia nzito.

Simu haipimi damu.

Akapewa dawa za kuongeza damu, akapewa na za sonona ambazo daktari alimweleza zinafaa kwa anayenyonyesha, akatakiwa arudi baada ya wiki mbili. Mama mkwe alikuwa ameshamwandikia kombe kwa sheikh, akiamini kuna jicho la mtu. Nilikuwa na wasiwasi muuguzi atasema nini. Akauliza tu kama nyumbani kuna wanaomwombea, akasema vizuri, waendelee, na dawa asikose hata siku moja. Heshima ile ilitusaidia kuliko hoja zote nilizokuwa nimeziandaa njiani.

Sasa mtu akiniuliza kama mdogo wangu alivyoniuliza, habari za intaneti naziweka nyuma. Namuuliza kama anawaza kujidhuru, kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama anayempiga yumo ndani ya nyumba hiyo hiyo anayopigia simu. Namuuliza kama anakunywa kila siku na anataka kuacha, kwa sababu mlevi wa muda mrefu akikata pombe ghafla anaweza hata kufa. Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, namwambia aanze na mtu anayeweza kumgusa, kumpima na kumlaza ikibidi. Simu ije baadaye au iende sambamba. Lakini kama ni wasiwasi, majonzi ya msiba yasiyoisha, ndoa iliyochoka, au hofu kama yangu, na mlango anao wa kufunga, basi namwambia ajaribu. Ajipe vikao vitatu vinne. Asipoona anaeleweka, abadilishe mtaalamu kabla ya kuikataa tiba yenyewe.

Nani mwingine anasikia

Namwambia pia amuulize mtaalamu kasomea wapi, na kazi yake inasimamiwa na nani. Anayekasirika kwa kuulizwa, amwache.

Na maneno yake yanahifadhiwa wapi? Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliibana kampuni moja kubwa ya tiba ya mtandaoni, ikatakiwa kulipa dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwenye kampuni za matangazo baada ya kuwaahidi kuwa zitabaki siri. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nimefurahi kwamba ipo. Lakini mdogo wangu hakuwa akiogopa kampuni za matangazo. Aliogopa wifi wa chumba cha pili.

Wapo siku hizi wanaoieleza programu shida zao usiku wa manane, nayo inawajibu kwa upole. Siwalaumu, maana saa nane usiku nani mwingine yuko macho? Ila Jumanne ile simu yangu iliita kwa sababu upande wa pili palikuwa na mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya mdogo wangu.

Mawazo

Kiswahili chetu kinasema "nina mawazo" kwa anayedaiwa kodi na kwa anayetamani kusiwe na kesho. Neno moja. Ndiyo maana ni rahisi kulipita. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na daktari wa huko, Dixon Chibanda, hakulipita. Kuanzia mwaka 2006 aliwafundisha akina bibi wa mitaani jijini Harare namna ya kumsikiliza mwenye kufungisisa na kumsaidia kutatua shida moja kwa wakati, wakiwa wamekaa naye kwenye benchi nje ya zahanati. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya jaribio lao la kitabibu, na waliokaa na wale bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nilisoma habari hiyo usiku, nikiwa bado najilaumu. Nikawaza kwamba nilikuwa nimeuliza kati ya simu na hospitali, na katikati ya hivyo viwili kuna baraza nzima ya watu sikuihesabu. Niliihesabu upande wa vikwazo. Kuta fupi, masikio mengi, mama mkwe.

Komeo

Kwa wiki saba hapakuwa na kikao cha simu. Dawa, kliniki, mchicha na maini, na usingizi, kwa sababu wifi yule yule wa chumba cha pili alianza kumchukua mtoto alfajiri. Mume alipoelezwa alinyamaza sana. Kisha akasema, "Ungeniambia tu kuwa ni matibabu." Sijui kama angeelewa kabla. Mdogo wangu naye anasema hajui.

Wiki ya nane, yeye mwenyewe, muuguzi na mwanasaikolojia wakakubaliana arudi kwenye vikao vya simu huku akiendelea na Bombo. Swali likarudi pale pale. Wapi?

Nikamwambia aje kwangu. Nililisema kwa moyo, nikijua hesabu yake: bajaji kwenda na kurudi kila Jumamosi, mtoto mzito, jua. Kabla hajanijibu, mama mkwe, aliyekuwa ukumbini anachambua choroko, akasema bila kugeuka:

"Mimi nilikusikia tangu siku ile ya kwanza. Nikanyamaza nisikutie haya."

Hakuna aliyejibu. Choroko zikaendelea kugonga sinia.

"Chumba changu kina dari. Na komeo lipo."

Jumamosi iliyopita nilifika saa kumi na moja na dakika chache. Mama alikuwa barazani, mtoto amempakata, mtoto anavuta tasbihi yake aipeleke mdomoni. Nikamwamkia, akaniitikia, akajisogeza nipate pa kukaa. Akapita jirani kumuulizia mkwewe. "Kalala," akasema. "Njoo baada ya magharibi." Jirani akaenda zake.

Feni ilikuwa inanguruma chumbani. Nilitega sikio. Sikusikia neno hata moja.

Nikaangalia saa, dakika ya 28. Nikacheza na mtoto, nikaangalia tena, dakika ya 40. Nilipotaka kuangalia mara ya tatu, mama akaweka kiganja chake juu ya simu yangu.

"Mwache amalize."